Usiitoe, Ijaze

Kuna sentensi moja ambayo kila mwenye gari la dizeli la kisasa Mombasa ataambiwa siku moja, awe yuko gereji ya Shimanzi au ya Majengo: “Bosi, toa hiyo kitu.” Hiyo kitu ni mfumo unaosafisha moshi kwa kimiminika kiitwacho AdBlue. Taa ya onyo imewaka kwenye dashibodi, mwenye gari kaja kuuliza, na fundi hana haja hata ya kufungua boneti. Atachomeka kompyuta, atabadilisha programu ya injini, taa itazima, pesa zitalipwa, na kila mtu ataenda zake na furaha yake.

Mimi nasema sentensi hiyo ni uongo, na uongo wenyewe ni ghali. Aliyelipa gereji ndiye aliyetoa kidogo kuliko wote. Kubwa linalipwa na mtoto anayepita Ndia Kuu kwenda chuoni, na mzee aliyekaa barazani na kahawa yake. Hao hawakuulizwa, wala hawakupewa risiti.

Tuanze na kitu chenyewe, maana wengi wanaambiwa wakitoe bila ya kuambiwa ni nini. AdBlue si mafuta. Ni yurea iliyoyeyushwa katika maji yaliyotolewa madini yote: asilimia 32.5 yurea, kilichobaki ni maji. Haina rangi; buluu ni ya kifuniko cha tangi na ya jina tu. Ina tangi lake, mbali na la dizeli. Injini ikifanya kazi, pampu huirusha kidogo kidogo ndani ya bomba la moshi. Kwa joto la humo, yurea huvunjika ikawa amonia. Amonia hiyo hukutana na oksidi za nitrojeni juu ya kichocheo, na kinachotoka nyuma ya gari ni nitrojeni, ambayo tayari ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, pamoja na mvuke wa maji. Basi. Hakuna uchawi wala anasa. Ni choo cha injini. Nyumba ukiiondolea choo haijawa nyepesi. Uchafu umehamia kwa jirani.

Na hayo magari tumeyapata wapi? Tumeyaleta wenyewe, tena kwa sheria. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane. Kwa hivyo kila mwaka unaopita, magari yanayoshuka Kilindini ni mapya zaidi, na ya dizeli yanazidi kuja na tangi hili. Prado za dizeli zilizouzwa Japani kuanzia 2015 zinalo. Hiace za dizeli za huko, baada ya miaka miwili mitatu, zikafuata. Magari ya dizeli kutoka Uingereza, tangu kiwango cha Euro 6 kilipokuwa lazima kwa magari yote mapya mnamo 2015, mengi yanalo. Malori ya Ulaya yalianza kabla ya hayo. Hivyo usidhani hili ni jambo la matajiri wachache wa Nyali na Kizingo. Huenda matatu unayopanda asubuhi inalo tangi hilo. Au ilikuwa nalo.

Hapo ndipo panaponikera. Gari hilo hukaguliwa nchi za nje kabla ya kupakiwa melini, kwa masharti yetu wenyewe. Linavuka bahari na kisafishaji chake kizima. Linashuka Kilindini, linalipiwa ushuru mzito, linapata namba. Kisha, hata vumbi la bandarini halijaoshwa, linapelekwa mtaani kung’olewa kile kitu kilicholifanya liwe safi. Tumelipia usafi kwa mamilioni, tukalipa tena ili tuutupe.

Mafundi wana hoja zao, na si haki kuzipita. Wengi wao ni watu waungwana, wanajua injini kama wanavyojua vidole vyao, na wamefundishwa na maisha. Ila hoja nne wanazozitumia hazishiki.

Ya kwanza: “Dizeli yetu chafu, huo mfumo hauwezi.” Hoja hii ilikuwa na uzito zamani. Tangu 2015, dizeli inayouzwa nchini inatakiwa isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Si safi kama ya Ulaya, ambako ni sehemu 10, lakini si ile ya enzi za babu. Na hata ikiwa dizeli si nzuri, dawa ya dizeli mbaya haiwezi kuwa kuondoa kichujio. Maji ya mfereji yakija na tope, hatuvunji chujio.

Ya pili: “Hii ni ya nchi za baridi.” Kinyume kabisa. Huko kwenye baridi ndiko AdBlue inakosumbua, maana huganda kwa nyuzi 11 chini ya sifuri, na magari ya huko yanawekewa vipasha joto ndani ya tangi. Sisi hatuna shida hiyo. Shida yetu ni joto, na nitaifikia, kwa sababu suluhisho lake ni kivuli tu.

Ya tatu: “Haipatikani.” Inapatikana. Wauza vipuri na vilainishi wanayo, na baadhi ya stesheni pia, kwa mitungi ya lita 10 na 20. Gari dogo hula takriban lita moja kwa kila kilomita elfu, likizidi ni kidogo. Mtu wa hapa anayetoka Tudor kwenda Mtwapa na kurudi kila siku anaweza kukaa miezi mingi kabla ya kujaza tena. Bei ya mtungi wa lita 10 haifiki bei ya kujaza tangi la dizeli la Prado mara moja. Mwenye gari la mamilioni ya shilingi asituambie kwamba mtungi ndio uliomshinda.

Ya nne ndiyo ya kweli zaidi, na ndiyo isiyosemwa kwa sauti: “Sensa ikiharibika, bei yake utalia.” Ni kweli. Sensa, pampu na nozeli za mfumo huu ni ghali, na mpya za asili ni ghali zaidi. Lakini uliza kwa nini zinaharibika. Aghalabu ni kwa sababu ya kilichomiminwa ndani. Maji ya bomba. Maji ya kisima. Mbolea ya yurea iliyokorogwa ndooni na mtu aliyesikia kwamba “ni kitu kimoja”. Si kitu kimoja. Mbolea ya shambani ina mabaki na uchafu usiokuwa na madhara kwa mahindi, lakini kwenye kichocheo ni sumu. Na maji ya visima vya kisiwa hiki, tunajua sote, yana chumvi ya kutosha kupikia wali. Yakimwagwa kwenye mfumo uliotengenezwa kwa maji yasiyo na madini hata chembe, yatauua. Kisha maiti anapelekwa kwa fundi, na fundi anasema: unaona, nilikwambia hii kitu ni mbaya.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa sababu uongo huu unaishi kwa kutegemea kwamba watu hawajui jinsi kazi ilivyo ndogo. Kujaza AdBlue nyumbani ni dakika kumi, na huhitaji fundi.

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa. Tafuta kifuniko cha buluu: mara nyingi kiko kando ya kile cha dizeli, katika magari mengine kiko chini ya boneti au ndani ya buti. Kitabu cha gari kinasema, na kama kitabu ni cha Kijapani, simu yako inatafsiri. Nunua mtungi uliofungwa kwa lakiri, ulioandikwa ISO 22241, na uangalie tarehe. Tumia mpira wa kumiminia uliokuja na mtungi, au faneli mpya ya plastiki. Usitumie ile iliyopitisha oili, hata kama umeifuta na tambara. Mimina taratibu, usijaze mpaka mdomoni. Ikimwagika, suuza kwa maji mengi: haina moto wala si sumu kali, ila ikikauka huacha unga mweupe kama chumvi, na huchoma rangi ya gari na kula shaba na alumini. Funga. Washa swichi, subiri kidogo, taa itazima. Magari mengine yanataka litiliwe lita kadhaa kwa mpigo ndipo sensa itambue, kwa hivyo usitie kikombe kimoja kisha ukalalamika.

Mawili ya kuogopa kweli. Usitie dizeli kwenye tangi hili, wala AdBlue kwenye tangi la dizeli. Nozeli ya pampu ya AdBlue imefanywa nyembamba makusudi, milimita 19, ili ile nene ya dizeli isiingie kwa kifuniko cha buluu. Lakini mtungi na faneli havina akili hiyo, akili ni yako. Ukikosea, usiwashe gari, usifungue hata swichi. Ita mtu alivute likiwa limezimwa, tangi lioshwe. La pili: usingoje mpaka liishe. Gari litakuhesabia kilomita zilizobaki, na likifika sifuri, ukizima halitawaka tena. Hilo si hitilafu. Wametengeneza hivyo makusudi, kwa kuwa walijua tabia za binadamu.

Na joto? Hapa ndipo Mombasa inapotaka adabu yake. AdBlue iliyowekwa kwa nyuzi 25 hudumu mwaka mmoja na nusu. Kwa nyuzi 30, mwaka. Kwa nyuzi 35, miezi sita. Zaidi ya hapo huoza haraka, na utaijua kwa harufu kali ya amonia ukifungua mtungi. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi likitulia, kivulini tu twakaribia nyuzi 33. Ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani Makadara, usiseme. Kwa hivyo mtungi usitembee nawe garini wala usikae chini ya mabati ya stoo. Nunua unachokitumia, kiweke ndani, chini, gizani. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, yenye kuta nene na ukumbi wa baridi, ni ghala zuri la AdBlue kuliko maduka mengi. Mababu walijenga kwa ajili ya tende na samli. Na hili pia litakaa.

Nimeutaja Mji wa Kale, nisiupite. Mitaa yake haikujengewa magari. Ilijengewa kivuli na upepo, nyumba zimekaribiana mpaka mabalkoni yanataka kusalimiana. Upepo wa bahari ukipita humo ni neema. Ila usipovuma, kilichotoka kwenye bomba la moshi hakina pa kwenda. Simama Ndia Kuu au Kibokoni saa za jioni, gari moja likingoja jingine lipite, injini zote mbili zikinguruma. Kisha tazama baraza. Mtu aliyekaa barazani, pua yake iko karibu na bomba la moshi kuliko pua ya dereva. Mtoto anayetembea pia. Anayechafua amekaa juu, vioo juu, kiyoyozi kinapuliza. Kama ungetaka kubuni mashine ya kumvutisha moshi asiyekuwa na gari kwa faida ya aliye nalo, ungejenga mtaa kama huu, ukaupitisha dizeli iliyotolewa kisafishaji.

Na ubaya wa jambo hili ni kwamba hulioni. Moshi mweusi wa lori bovu kila mtu anaupigia kelele. Oksidi za nitrojeni hazionekani hivyo. Gari lililotolewa AdBlue linaweza kupita mbele yako liking’ara, bila wingu lolote nyuma yake, na likawa linatapika uchafu kuliko jirani yake mara nyingi. Gesi hizo huchoma njia za pumzi na kumzidishia mwenye pumu. Juani huzaa ozoni ya chini, ambayo nayo ni kero ya mapafu. Unyevunyevu huzigeuza asidi, na nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo asidi huvila. Tunapiga marufuku mtu kubadilisha mlango wa nakshi bila ruhusa, na ni sawa. Hewa inayougusa mlango huo hatuna habari nayo. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani Juni 2012. Hilo si la kubishania kahawani.

Kuna watakaosema: haya ni mambo ya Wazungu, wanatuuzia mitumba kisha wanatuuzia na masharti. Nawaelewa. Lakini tuutazame uongo wa Wazungu wenyewe, kwa sababu ni ndugu wa uongo wetu. Septemba 2015 Marekani iliifichua Volkswagen: magari yake, milioni 11 duniani kote, yalikuwa na programu iliyotambua wakati wa kupimwa, ikasafisha moshi mbele ya mpimaji na kulegea barabarani. Na Julai 2021 Tume ya Ulaya iliwatoza Volkswagen na BMW jumla ya yuro milioni 875 kwa kula njama. Daimler ilikuwa nao, ikasamehewa kwa kuwa ndiyo iliyotoboa siri. Njama juu ya nini? Juu ya tangi hili hili la AdBlue! Walikubaliana ukubwa wa matangi na umbali wa kwenda kabla ya kujaza, ili asitokee wa kushindana kwa kusafisha zaidi ya sheria inavyotaka.

Yaani kampuni zenye wahandisi maelfu na fundi wa chini ya mwembe wamekutana kwenye jambo moja: mteja asisumbuliwe kujaza. Tofauti ni kwamba kule walificha, wakashikwa, wakalipa. Hapa inafanywa mchana, na mtu anaisifia kuwa ni huduma.

Linganisha na Korea Kusini. Novemba 2021 China ilipobana uuzaji wa yurea nje, malori ya Korea yalikaribia kusimama. Serikali ilituma ndege ya jeshi Australia kwenda kuchukua kimiminika hiki, lita 27,000. Mtu anaweza kucheka. Mimi naona nchi iliyoamua kwamba gari lisilosafisha moshi wake ni gari lililoharibika, hata kama linakwenda.

Wengine wataniambia niwaache wenye gari moja moja, niyaseme malori yanayotoka bandarini kwenda Uganda na Kongo. Nayasema. Lori hula AdBlue asilimia 3 hadi 6 ya dizeli yake, na hiyo ni hela ya maana kwa safari ndefu, ndiyo maana kishawishi cha kuitoa ni kikubwa kwa kampuni za malori kuliko kwako. Tena kampuni ina mhasibu, haina kisingizio cha kutojua. Lakini uovu wa lori hauufanyi wa Prado kuwa halali. Na sitaki mtu amgeukie dereva wa tuktuk hapa. Tuktuk halina tangi hili na mwenyewe anatafuta ugali. Ninayemlaumu ni aliyekuwa nacho, kikiwa kizima, akalipa kiondolewe.

Sheria ipo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo si lazima athibitishe kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014. Na Mombasa hatuhitaji kufundishwa thamani yake: watu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, wakapigana pamoja na Phyllis Omido miaka na miaka, mahakama ikawapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang’anywa kwenye rufaa, mpaka Mahakama ya Juu ilipowarudishia Desemba 2024. Wale walikuwa na ukuta mmoja wa kiwanda wa kuunyoshea kidole. Sumu iliyogawanywa katika maelfu ya mabomba haina ukuta. Ndiyo maana yataka izuiwe kwenye gereji, kabla haijawa kesi.

Basi ninachodai ni hiki. Ukaguzi wa magari uulize swali moja ambalo kompyuta ndogo inaweza kulijibu: mfumo uliokuja na gari hili bado unafanya kazi? Wenye yadi wamwambie mnunuzi, kabla ya kupokea pesa, kwamba gari hili lina tangi la pili na linajazwa hivi. Ukinunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini, uliza kama limetolewa, na kama limetolewa, punguza bei kama unavyopunguza kwa gari lisilo na breki. Ukiwa fundi, uza mitungi. Faida yake ni ndogo lakini inarudi kila baada ya miezi, na ile ya kutoa unaipata mara moja tu kwa kila gari.

Na kama huna gari, usidhani hayakuhusu. Wewe ndiye unayevuta. Siku fulani rafiki yako atakupa lifti, ataigonga dashibodi na kujigamba kwamba taa ile ya kero aliitoa zamani. Usicheke naye. Muulize aliitoa akaipeleka wapi.